Ufunguo wa Nne: Kanisa na Fedha Mkononi mwa Maskini

Katika usharika wangu wa kwanza, mkoani Dodoma, tulikuwa na daftari la diakonia lenye majina ya kaya 14. Walikuwa wajane, wazee wasio na watoto wa kuwatunza, na bibi wachache waliobaki na wajukuu yatima. Baada ya mavuno tuliwagawia debe la mahindi, sabuni na chumvi, na wakati wa Krismasi blanketi. Fedha hatukuwapa. Hilo lilikuwa azimio la Baraza la Wazee tangu kabla sijafika, nami sikuona sababu ya kuligusa.

Katika mwaka wangu wa pili, mzee mmoja wa kanisa alileta taarifa kwamba bibi mmoja mjane ameonekana gulioni akiuza mahindi aliyopewa na kanisa. Tulikaa kikao. Hakuna aliyependekeza aitwe aulizwe. Ilisemwa kwamba mtu mwenye njaa hauzi chakula, na kwamba akiuza maana yake hana shida. Tukalifuta jina lake. Sahihi ya mwisho katika muhtasari wa kikao kile ni yangu.

Miezi kadhaa baadaye, mwinjilisti wa mtaa ule aliniambia habari kamili. Mjukuu wa bibi alikuwa mgonjwa, naye hakuwa na nauli ya kumpeleka hospitali. Kitu pekee ndani ya nyumba kilichoweza kugeuka nauli kilikuwa debe la mahindi ya kanisa. Aliliuza kwa bei ya kutupa, kwa kuwa msimu wa mavuno kila mtu anauza. Mtoto alipona. Bibi hakuonekana tena kanisani kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ninaandika kwa sababu ya debe lile. Nilipotaka kujua tulikosea wapi, niligundua kwamba swali tulilolijibu vibaya siku ile ni la zamani sana katika Kanisa, na kwamba wako waliolijibu vizuri kuliko sisi. Swali lenyewe ni hili: je, maskini anaaminika kushika fedha?

Meza ya Yerusalemu

Tuanze mahali Kanisa lilipoanzia. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume wangeweza kuwakemea kwa kunung'unika. Badala yake waliliambia kusanyiko zima lichague watu saba. Soma tena majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanaona hapo dalili kwamba meza ilikabidhiwa kwa watu wa upande uleule uliokuwa umelalamika.

Miaka michache baadaye, njaa ilipokuja, wanafunzi wa Antiokia walipeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Kisha Paulo alitumia muda mwingi wa huduma yake kukusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliwaelekeza Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, na wao wenyewe wateue wa kuipeleka. Changizo lile lilikuwa fedha. Paulo alijali sana uaminifu wa wanaoibeba. Lakini ukisoma maagizo yake hutakuta ameweka masharti juu ya namna watakatifu wa Yerusalemu watakavyoitumia.

Sanduku la Leisnig

Mwaka 1523 waumini wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony nchini Ujerumani, walimwomba Martin Luther ushauri. Walikuwa wamepokea mafundisho ya matengenezo na walitaka kupanga upya mali za parokia yao. Waliandika kanuni ya sanduku la pamoja, na Luther akaiandikia dibaji na kuichapisha.

Nilipokuwa chuo cha theolojia niliulizwa habari za Leisnig katika mtihani, nikajibu vizuri, kisha nikasahau. Miaka mingi baadaye niliisoma tena kwa macho mengine. Mapato ya parokia yaliwekwa katika sanduku moja. Humo alilipwa mchungaji na mwalimu, wakasaidiwa yatima, wagonjwa na wazee. Fundi au mkulima aliyekwama alikopeshwa fedha ili aendelee na kazi yake, na kama alishindwa kurudisha kwa sababu ya shida ya kweli, alisamehewa.

Jambo lililonisimamisha ni usimamizi wake. Wasimamizi walikuwa 10: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu raia wa mjini na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne na funguo nne, kila kundi likashika ufunguo wake. Kwa hiyo kabaila na diwani, pamoja na ukubwa wao, hawakuweza kulifungua sanduku mpaka mkulima awepo na ufunguo wa nne.

Nisiipambe historia hii kupita kiasi. Baraza la mji lilisita kukabidhi mali lililokuwa likizishikilia, na mpango ule ukakwama mapema. Miaka miwili baadaye, wakulima wa Ujerumani walipoasi, Luther huyohuyo aliandika dhidi yao maneno makali ambayo hadi leo yanatuumiza sisi tunaobeba jina lake. Lakini kwa muda mfupi, katika mji mmoja mdogo, Walutheri walikuwa wameandika kwenye karatasi kwamba mkulima anaweza kushika ufunguo wa fedha za Kanisa.

Askofu aliyetaka kujaribu

Sasa twende Namibia, nchi ambayo Watanzania tuna undugu nayo. Wapigania uhuru wa SWAPO walikaa kwetu, na kambi yao ya Kongwa iko mkoa uleule nilioanzia utumishi. Kanisa nalo lilihusika. Mwaka 1971 viongozi wawili wa Kilutheri wa Namibia, Leonard Auala na Paulus Gowaseb, walimwandikia barua ya wazi Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, kupinga utawala wa kibaguzi. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam. Hapo Walutheri wa dunia walitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la ukiri wa imani, na hapohapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho.

Katika kizazi hicho alikulia Zephania Kameeta, mchungaji aliyesoma katika seminari ya Paulinum. Baada ya uhuru wa 1990 alikuwa Naibu Spika wa Bunge, kisha akawa askofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Jamhuri ya Namibia. Uhuru ulikuwa umepatikana, lakini mashamba makubwa yalibaki na wenyewe, na watu wengi walibaki na njaa. Mwaka 2002 tume ya serikali iliyoundwa kuchunguza mfumo wa kodi ilipendekeza kila raia apewe kiasi kidogo cha fedha kila mwezi. Wakubwa wengi walilipinga wazo hilo. Makanisa, vyama vya wafanyakazi na asasi nyingine wakaungana kulitetea, Kameeta akiwa mbele. Maneno yalipokuwa mengi, waliamua kujaribu kwa vitendo.

Walichagua Otjivero-Omitara, takribani kilomita 100 mashariki ya Windhoek. Wengi wa wakazi wake walikuwa wafanyakazi walioachishwa kazi katika mashamba ya jirani, pamoja na familia zao. Walijenga vibanda vya mabati na maturubai kwenye kipande cha ardhi kilichozungukwa na nyaya za mashamba ya watu. Kuanzia Januari 2008 hadi Desemba 2009, kila mkazi aliyeandikishwa mwenye umri chini ya miaka 60 alipewa dola 100 za Namibia kwa mwezi, yaani takribani dola 12 za Marekani wakati ule. Walikuwa watu wapatao 930. Wenye miaka 60 na zaidi hawakuhusishwa kwa kuwa wana pensheni ya wazee ya serikali. Fedha za watoto zilishikwa na mlezi, mara nyingi mama. Fedha zilitoka katika michango ya waumini, watu binafsi na mashirika ya kikanisa, ndani na nje ya Namibia.

Hapakuwa na sharti la kazi wala la tabia. Lakini wanakijiji wenyewe walichagua kamati ya watu 18, na kamati hiyo ikakubaliana na wenye vilabu vya pombe vifungwe siku ya malipo. Amri hiyo haikutoka Windhoek. Ilitoka kwa watu waliojua vizuri udhaifu wa kijiji chao.

Taarifa iliyotolewa na waandaaji inaeleza kilichofuata. Novemba 2007, kabla ya malipo kuanza, asilimia 42 ya watoto wadogo walikuwa na uzito pungufu. Juni 2008 walikuwa asilimia 17, na Novemba mwaka huo asilimia 10. Wazazi waliolipa ada ya shule waliongezeka mara mbili na kufikia asilimia 90, na utoro ulioondoa karibu watoto 4 kati ya 10 shuleni ukakaribia kwisha. Katika zahanati, ambako mgonjwa alitakiwa kulipa dola 4 za Namibia, makusanyo ya mwezi yalipanda kutoka dola 250 hivi hadi 1,300 hivi. Watu hawakuanza kuugua zaidi. Zamani walikuwa wakiugulia nyumbani.

Yako na mambo yasiyoingia vizuri kwenye hesabu. Mama mmoja alianza kuoka mikate, mwingine akashona nguo, mwanamume akafyatua matofali. Na kwa kuwa majirani nao walikuwa na senti mfukoni, walipata wateja. Polisi wa pale waliandikisha makosa machache kuliko mwaka uliotangulia.

Kameeta alipenda kulinganisha fedha zile na mana ya jangwani. Hofu ya watu ilikuwa kwamba chakula cha bure huzaa uvivu, naye alikumbusha kwamba mana haikuwafanya Waisraeli wakae chini. Iliwapa nguvu ya kuendelea na safari.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Taarifa ile iliandaliwa na watu waliotaka jaribio lifaulu. Hakikuwapo kijiji kingine cha kulinganisha nacho, na ndugu kutoka sehemu nyingine walihamia Otjivero kufuata fedha zile, jambo lililovuruga hesabu. Wachumi waliyasema hayo, na si kwa uadui. Kisha fedha zenyewe zilikoma. Baada ya jaribio iliendelea posho ndogo ya dola 80 kwa muda, nayo ikaisha mwaka 2012. Serikali haikuupeleka mpango ule nchi nzima. Kameeta mwenyewe aliteuliwa mwaka 2015 kuwa waziri wa kutokomeza umaskini, lakini hata akiwa kwenye kiti hicho malipo yale hayakuwa sheria ya nchi.

Viatu vya Chamwino

Wakati mimi natia sahihi ya kumfuta bibi yule, jaribio jingine lilikuwa likiendelea mkoani kwetu, nami sikulijali. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza kutoa ruzuku ya fedha taslimu kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilihusika: 40 vilianza kupokea, na 40 vilisubiri ili kulinganisha. Tofauti na Otjivero, hapa palikuwa na masharti. Watoto wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa wahudhurie shule, wazee wapimwe afya. Orodha ya walengwa ilianzia kijijini, na fedha zilipitia kwa kamati za wanakijiji wenyewe.

Watafiti waliofuatilia walikuta kaya zilizopokea zimejiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani zililipia matibabu kabla ya ugonjwa kuja. Waliongeza mifugo, hasa kuku na mbuzi, ambayo kwa mkulima ni akiba inayotembea. Na watoto wao walikuwa na viatu zaidi ya watoto wa vijiji vingine. Nimeviwaza sana viatu hivyo. Sisi usharikani tungepanga msaada tusingevikumbuka kamwe. Tulikuwa na hesabu ya mahindi na mablanketi. Mama wa Chamwino alivikumbuka kwa sababu yeye ndiye anayemwona mtoto akitoka asubuhi peku kwenye mbigili. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Baadaye ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliofikia zaidi ya kaya milioni moja nchini. Nao una malalamiko yake, na wachungaji tunayasikia: huyu kaandikwa wakati ana ng'ombe, yule kaachwa wakati hana kitu, malipo yamechelewa. Ndoa zimegombana, majirani wamenuniana. Fedha haifuti dhambi ya Adamu. Tena haichimbi kisima wala haileti muuguzi; mama mwenye nauli akifika kwenye zahanati isiyo na dawa atarudi na mgonjwa wake. Kazi hizo zinabaki juu ya serikali na juu yetu.

Lakini lile tuliloliogopa zaidi, kwamba maskini akipewa fedha ataimalizia kilabuni, limechunguzwa. Mwaka 2017 watafiti David Evans na Anna Popova walichapisha mapitio ya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali. Walikuta kwamba kwa ujumla ruzuku za fedha haziongezi matumizi ya pombe na tumbaku. Walevi wapo, kama walivyopo miongoni mwa wenye mishahara, na hatujawahi kupendekeza mishahara ilipwe kwa debe la mahindi.

Neno la Paulo na neema ya Mungu

Nilipolipeleka jambo hili kwenye Baraza la Wazee, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikumbusha Wathesalonike wa Pili sura ya 3, pale Paulo anaposema juu ya asiyetaka kufanya kazi. Ni neno la Mungu na hatuwezi kuliruka. Nilimwomba tulisome pamoja. Paulo anamzungumzia mtu asiyetaka, mwenye nguvu anayekula jasho la wengine. Hakuwa anamwandikia mjane wa miaka 70 anayelima kwa jembe la mkono huku analea yatima watatu. Huyo anafanya kazi kuliko wengi wetu tuliokaa kwenye viti vya kikao.

Kisha tulizungumza juu ya neema. Sisi Walutheri tunahubiri kila Jumapili kwamba Mungu alitupa kabla hatujastahili. Hakusubiri tuthibitishe kwamba tutaitumia vizuri damu ya Mwanawe. Sisemi fedha ni neema. Fedha ni fedha, na wengi zimewapoteza. Ninasema kwamba watu walioishi kwa kuaminiwa bure wanapaswa kuona aibu wakiwa wagumu kiasi hiki kumwamini mjane na nauli.

Baraza halikukubali siku hiyo. Lilikubali baada ya vikao vitatu, na si kwa yote niliyoomba. Tuliamua nusu ya fungu la diakonia itolewe taslimu, na kamati yake iwe na watu wawili waliochaguliwa na kaya zilizomo kwenye daftari. Mwaka wa kwanza wawili hao waligundua kaya moja yenye shida kubwa iliyoachwa, na kaya nyingine iliyoandikwa kwa sababu ya undugu na mzee wa kanisa. Hilo la pili lilituletea ugomvi ambao nisingependa kuurudia, lakini lilikuwa kweli.

Kabla ya hayo yote nilikwenda kwa bibi. Nilikwenda na mwinjilisti, bila bahasha wala mfuko wa unga, kwa maana niliona nikibeba kitu nitaonekana nimekuja kununua msamaha. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kigoda. Nilimweleza tulivyoketi na tulivyoamua, nikamwambia sahihi ilikuwa yangu, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo akichambua mboga zake. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, mngeniuliza tu."

Jumapili ya pili baada ya hapo alikuja kanisani na mjukuu wake, wakakaa benchi la nyuma.

Mpendwa msomaji, usharika wako nao una sanduku. Huenda ni daftari, akaunti ya benki au mfuko wa jumuiya, na wako wanaoshika funguo zake. Mkutano ujao wa usharika ukifika, soma majina yao kama tulivyosoma majina ya wale saba, uangalie kama kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusimama kwenye foleni ya kupokea. Kama hayupo, liombee jambo hilo, kisha nyosha mkono uliseme.